Niweke kwa Maombi

Mara ya kwanza kukutana na maisha yangu yameandikwa na mtu mwingine, ilikuwa kwenye orodha ya mambo ya kuombea.

Nilikuwa na miaka 20, nikifanya kazi ya ukalimani katika kanisa moja la mabati kule Kibera, upande wa Lindi. Kanisa hilo lilikuwa na urafiki na kanisa moja la Marekani, na kila Juni walikuja vijana wao kumi na kitu, wamevaa tisheti za rangi moja. Walipaka ukuta rangi, wakafundisha watoto nyimbo za vitendo, wakapiga picha, na baada ya wiki mbili wakarudi kwao. Mwaka huo mmoja wao alibaki.

Alikuwa na miaka 22 na alipaswa kukaa miezi sita. Nitamwita Sista, maana ndivyo kanisa zima lilivyomwita. Mwezi wa kwanza ulimtoa jasho. Tumbo lilimsumbua. Maji yakipotea siku tatu alishindwa kuelewa yamepotelea wapi. Watoto walimwimbia "hau ayu, hau ayu" kuanzia Toi hadi mlangoni kwa kanisa, na wiki ya tatu aliniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kulia, kama kuna siku wataacha. Nilimwambia ukweli: hawataacha.

Kila mwisho wa mwezi alituma barua kwa watu waliomchangia nauli na kodi ya nyumba, familia kama sitini hivi. Barua ilikuwa na picha, habari kidogo, halafu orodha ya maombi. Siku moja aliniomba niangalie salamu ya Kiswahili aliyoiweka pale juu, kama ameiandika sawa. Salamu ilikuwa sawa. Macho yakateremka yenyewe. Nambari nne ilikuwa mimi. Waombee kijana anayenitafsiria, alisema. Anaishi katika umaskini mkubwa hapa Kibera na ameacha chuo kikuu kwa kukosa karo. Mungu amfungulie mlango.

Mimi si wa Kibera. Nyumbani ni Kawangware, Gatina, na kila asubuhi nilikuwa nateremka kwa miguu hadi Ngong Road, nakatiza Jamhuri, ndipo naingia Kibera. Lakini hilo halikuniuma. Kilichoniuma ni neno karo, kwa sababu hilo nililimwambia mimi mwenyewe. Nitarudi hapo.

Tangu siku hiyo nasoma barua za wamisionari jinsi watu wengine wanavyosoma riwaya. Ziko nyingi kuliko unavyodhani, na zote zina umbo lile lile: tuko hapa, ni ngumu, hawa ndio watu, tuombeeni. Nilitaka kujua nani alianza hii kitu ya kupeleka shida mbali kwa karatasi, na yule anayeandikwa ndani yake anabaki na nini.

*

Kwa upande wetu wa Afrika, barua maarufu zaidi ya aina hiyo ilitoka Mombasa mwaka wa 1844.

Johann Ludwig Krapf alikuwa Mjerumani wa miaka 34, ametumwa na Church Missionary Society ya London. Alikuwa ametoka Ethiopia, ambako mlango ulifungwa. Alifika Mombasa na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito. Kabla hawajazoea hata hewa, homa ikawashika. Mwezi wa Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye akafa. Mtoto naye akamfuata mama yake. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Rosine alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Sasa fikiria wewe ndiye Krapf. Una wiki chache tu katika mji huo, huna mtu, na una karatasi. Utaandika nini? Mimi ningeandika: nitumieni nauli nirudi. Krapf aliwaandikia wakubwa wake London kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na kaburi hilo ni alama kwamba wakati umefika wa kuanza kazi na kuingia bara. Msiba wake akaugeuza ombi. Na likajibiwa: mwaka wa 1846 alitumwa mwenzake, Johannes Rebmann, na wawili hao wakafungua kituo Rabai.

Nilipoisoma hadithi hiyo mara ya kwanza nilikasirika. Niliona mtu anayeuza kaburi la mkewe. Nikaisoma tena mwaka uliofuata nikaona kitu kingine. Mtu aliye mbali, anayeishi kwa michango ya watu ambao hawamuoni, analazimika kuyapa maumivu yake kazi. Msiba mtupu hauchangishi. Lazima uwe na sababu, uwe na mwelekeo, uishie na "kwa hiyo tuombeeni."

Kuna mtu mwingine katika chumba hicho ambaye mimi kama mkalimani siwezi kumruka. Mwaka huo huo wa 1844 Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa Mombasa. Yaani mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti katika pwani hii alivushwa mto wa lugha na hakimu wa Kiislamu. Naye alikuwa na haja zake, kama mtu yeyote. Lakini hadithi inayosimuliwa makanisani ni ya Krapf na kaburi. Mkalimani hupita katika hadithi kama mlango: watu wanaingilia pale, kisha wanasahau rangi yake.

*

Nusu karne baadaye barua zikawa gazeti.

Peter Cameron Scott alizaliwa Glasgow na kukulia Marekani. Alikwenda kwanza Kongo, ambako alimzika ndugu yake John kwa mikono yake, kisha akarudi akiwa mgonjwa. Mtu mwingine angesema basi. Yeye mwaka wa 1895 alianzisha Africa Inland Mission, ile ambayo leo tunaijua kupitia makanisa ya AIC, na akaja Ukambani na kikundi cha watu wanane, akiwemo dada yake Margaret. Walifika Mombasa mwezi wa Oktoba na kutembea hadi Nzaui. Reli ilikuwa bado. Desemba 1896, baada ya mwaka mmoja tu na kidogo, Scott alikufa kwa homa. Alikuwa na miaka 29.

Nyumbani kwao Philadelphia kulikuwa na gazeti dogo, Hearing and Doing, lililochapisha barua za kikundi hicho. Watu walisoma leo kwamba kijana fulani anaendelea vizuri, na huenda kufikia wakati huo alikuwa ameshazikwa. Barua zilisafiri kwa wapagazi, kisha kwa meli. Ukiomba Mungu amponye mtu, unaomba kuhusu mwezi uliopita. Mimi nikituma ujumbe wa Whatsapp na usijibiwe kwa saa moja, naanza kuhisi nimetengwa. Hawa walikuwa wakisubiri miezi.

Mmoja wa wale wanane alikuwa Willis Hotchkiss. Alinusurika, akarudi Marekani, na mwaka wa 1902 akaja tena, safari hii na vijana wenzake wawili, Arthur Chilson na Edgar Hole. Walikuwa Wakweka, watu wa Friends. Reli ilikuwa imefika ziwani Desemba ya 1901, kwa hiyo hawakutembea kama mara ya kwanza. Walipanda treni hadi mwisho wa reli, wakapanda milima kwa miguu, na Agosti 1902 wakapiga kambi Kaimosi.

Ningependa kukuambia kwamba jambo hili halinihusu, lakini kama hao watatu wangeshindwa na malaria wiki ya kwanza, Jumapili yangu ingekuwa tofauti. Shosho yangu ni Friends. Mama yake alikuwa Friends. Aliletwa Kawangware na ndoa, miaka ambayo ukitoka Magharibi kuja Nairobi unatafuta kwanza mtu wa kwenu, halafu kanisa la kwenu, halafu nyumba. Kanisa lake liko dakika kumi kutoka kwetu, na kila Jumatano jioni wamama wanakutana kwa maombi. Kila mtu anasema haja yake kwa sauti, na shosho, ambaye hakumaliza shule ya msingi, anaziandika zote kwenye kitabu cha mazoezi cha kurasa 96. Ameviweka vyote tangu miaka ya tisini, kwenye mkoba chini ya kitanda. Ukitaka historia ya Gatina, iko pale: nani alifukuzwa nyumba, nani alipata mtoto baada ya miaka tisa, nani alishikwa na polisi usiku wa uchaguzi.

*

Kutoka Kawangware hadi Thogoto si mbali. Unapanda mathree kuelekea Dagoretti na Kikuyu, na kabla mchekeshaji wa redio hajamaliza stori yake umefika. Jina lenyewe, Thogoto, ndivyo Wakikuyu walivyolitamka neno Scotland. Nilienda kuona makaburi.

Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka wa 1891, malaria ikaisumbua, na mwaka wa 1898 ikahamia huku juu kwenye baridi, ikiongozwa na Thomas Watson. Mchumba wake, Minnie, mwanamke wa Dundee, alisafiri kuja kwake mwishoni mwa 1899, wakafunga ndoa. Walikuwa pamoja mwaka mmoja tu. Mwaka wa 1900 Thomas alikufa kwa nimonia.

Sasa angalia Minnie alikuwa amefika wakati gani. Kati ya 1898 na 1900 nchi ya Wakikuyu ilikumbwa na ukame, nzige, ndui na njaa kubwa. Wazee waliipa njaa hiyo jina: Ng'aragu ya Ruraya, Njaa ya Ulaya. Lilikuwa jina la kushtaki. Njaa ilifika pamoja na wageni, reli, na misafara iliyohitaji kulishwa. Kwa hiyo msichana kutoka Dundee alikuwa akigawa uji kwa watu waliokuwa wakifa katika njaa iliyobeba jina la kwao.

Baada ya mazishi angeweza kurudi nyumbani na hakuna mtu angemlaumu. Alibaki. Aliendesha kituo mwenyewe hadi Kanisa la Scotland likaichukua misheni mwaka wa 1901, kisha akaendelea kufundisha. Alistaafu mwaka wa 1931. Katika miaka hiyo alipita pale mvulana aliyeitwa Kamau wa Ngengi, aliyebatizwa Johnstone mwaka wa 1914, na ambaye dunia ilimjua baadaye kama Jomo Kenyatta. Minnie alifariki Scotland mwaka wa 1949, na majivu yake yakaletwa kuzikwa Thogoto.

Si kwamba alikuwa malaika. Yeye na misheni yake walipigana na tohara ya wasichana kwa namna ambayo mwaka wa 1929 iliyagawanya makanisa na shule za Wakikuyu. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mtu anayekaa miaka thelathini hawezi kuendelea kuwaandika jirani zake kama orodha. Ataanza kukosana nao, watamtania, atajua nani ni mwongo na nani ni mkarimu. Kuzoea mahali, nadhani, ni pale unapoacha kuwa wewe pekee unayeandika, na wao wanaanza kuwa na maoni juu yako.

*

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi ni daktari mmoja Mwingereza aliyeitwa Joe Church. Alifika Gahini, Rwanda, mwaka wa 1928, kijana aliyetoka Cambridge na imani ya kutosha kujaza meli. Alipofika alikutana na njaa. Hospitali changa, maiti njiani, wafanyakazi wachache. Kufikia Septemba 1929 alikuwa ameisha kabisa, mwili na roho, akaenda Kampala kupumzika.

Kule kilima cha Namirembe alikutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Kutoka hapo ndipo watu hutaja mwanzo wa ule uamsho wa Afrika Mashariki, wa watu wa Tukutendereza, ambao mwaka wa 1937 ulifika Kabete, juu tu hapa, na ukazaa wale ambao Wakikuyu waliwaita Ahonoki, waliookoka.

Uamsho una historia ndefu na ugomvi wake. Mimi nasimama kwenye zile siku mbili. Kwa miaka 85 tangu kaburi la Rosine, ombi la mmisionari lilikuwa limezoea njia moja: kutoka hapa kwenda kule. Udhaifu wake ulisafirishwa ng'ambo kwa meli ili watu wa kwao waujue, na hapa akabaki na uso wa mwalimu. Church alipofika mwisho wa nguvu zake, aliyekuwa mbele yake hakuwa kamati ya London. Alikuwa Mwafrika, na akamwambia yeye. Uamsho wenyewe ukajengwa juu ya jambo hilo: kwamba unakiri mbele ya watu unaoishi nao, mweupe kwa mweusi, mume kwa mke, bosi kwa mpishi. Kukiri kwa mtu wa mbali ni rahisi. Hatakuona kesho ukinunua mkate.

Halafu kuna John Gatu. Mzaliwa wa Kiambu, katibu mkuu wa PCEA, kanisa lililotokana na ile ile misheni ya Thogoto. Mwaka wa 1971 alisimama Milwaukee, Marekani, mbele ya Wakristo waliokuwa wamezoea kusikia Waafrika wakiomba wamisionari zaidi, akawaambia waache kuwaleta. Wamisionari na pesa zao zisimame, kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya pande zote mbili yajue yanaweza kuwa nani bila mkono mmoja kutoa na mwingine kupokea. Mwaka wa 1974 makanisa ya Afrika yalipokutana Lusaka, yaliliunga mkono wazo hilo.

Wamisionari hawakuacha kuja. Kilichobadilika ni ndege. Safari iliyomchukua Krapf miezi sasa ni usiku mmoja, kwa hiyo mtu anaweza kuja wiki mbili, akarudi kabla mdomo wake haujaweza kutamka Ng'ang'a.

*

Na wengi huja Kibera. Barua zao hupenda kusema kwamba ni mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika, na kwamba una watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070. Kuna wanaobishia hesabu hiyo, lakini milioni hawafiki. Nambari kubwa ina kazi yake: inafanya ombi liwe zito.

Barua hizo pia huanza kana kwamba Kibera ilianza siku ile basi la wageni lilipoegeshwa. Wanubi, askari wa King's African Rifles na familia zao, walikuwa hapo tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati ni msitu, na jina Kibra ni la lugha yao. Msikiti ulikuwepo, wazee walikuwepo, na ombi lao lilikuwa moja kwa zaidi ya miaka mia: hati ya ardhi. Walipewa hati ya ekari 288 mwaka wa 2017. Waliliomba kwa maandamano, kwa mahakama, na bila shaka kwa dua. Katika barua za Sista, ambazo nilizisoma zote, halikutajwa hata mara moja. Hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye nilikuwa mkalimani wake, na mimi sikumwambia.

Hapo ndipo niliposema nitarudi.

Sista aliniuliza siku moja, tukingoja mvua iishe, kwa nini niliacha chuo. Nikasema, karo. Ilinichukua sekunde moja. Ukweli ni kwamba karo ya mwaka ule ilikuwa imelipwa, nusu na mkopo wa serikali na nusu na mathe, kwa mahindi choma na kufulia watu nguo. Nilifeli masomo. Nikaogopa mitihani ya marudio, nikaanza kutoka nyumbani na begi asubuhi na kukaa maktaba nikisoma vitu visivyo kwenye kozi, halafu nikaacha hata kutoka. Lakini nilikuwa nimekalimani vya kutosha kujua ombi linavyotakiwa kuwa. "Amekosa karo" ni ombi. "Amefeli na anaona aibu" si ombi, ni tabia.

Miezi miwili baada ya ile nambari nne, mchungaji aliniita ofisini. Familia mbili zilikuwa zimeguswa. Zilituma, baada ya kubadilishwa, shilingi 38,000. Nilizipokea kwa mikono miwili. Nililipa kodi ya miezi mitatu ya mathe, na nyingine nikanunua laptopu ya mtumba. Ndiyo hii ninayoandikia.

Sista aliporudi kwao Desemba, aliniuliza kama nitaanza muhula wa Januari. Nikasema ndiyo. Barua yake ya mwisho ilikuwa na kichwa kipya, maombi yaliyojibiwa, na mimi nilikuwa nambari mbili. Kijana wetu amerudi chuo. Kuna familia mahali fulani Marekani ambazo hadi leo zinaamini nilihitimu.

Kwa hiyo siwezi kumcheka Krapf. Siwezi hata kumcheka yule Sista. Sote tulijua kinachosomeka kule, tukakiandika.

*

Siku hizi mambo yamegeuka kwa njia ambayo sidhani hata Gatu aliiona. Vijana wanaopelekwa ng'ambo na kuombewa ni wetu. Kitabu cha shosho cha mwaka huu kina majina tisa ya wasichana walioko Riyadh, Jeddah na Doha, wakifanya kazi za nyumba. Mmoja ni binamu yangu. Kila mwezi anatuma sauti kwenye kundi la kanisa: bwana asifiwe, nashukuru Mungu, mama wa nyumba ni mzuri, niwekeni kwa maombi nizoee joto. Wamama wanaitikia amina, wanaombea joto.

Kwangu anatuma nyingine, saa tisa usiku, kwa kunong'ona. Hajalala. Pasipoti imefungiwa kabatini. Hajatoka nje ya geti tangu Ramadhani. "Usimwambie shosho," anasema. "Watasema nilienda kufanya nini."

Ana miaka 23, karibu umri wa Sista. Naye anajua kinachosomeka.

Mwezi uliopita nilishindwa kuibeba. Nilimkuta shosho akichambua sukuma mlangoni, kile kitabu kikiwa kando yake, nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimekuja kumwambia habari za binamu, na nilimwambia zote. Aliacha sukuma. Alinyamaza muda mrefu, kisha akafungua kitabu, akafuta neno joto kwa kalamu, mistari miwili, akaandika kitu kingine juu yake. Akaniuliza kama najua jina la ile ofisi iliyompeleka na namba yake ya simu. Nikampa, akaiandika pia, pale pale chini ya ombi.

Halafu akarudi nyuma kurasa kadhaa. "Na wewe bado nakuandika hapa," akasema. "Karo."

Miaka mitano. Kila Jumatano. Nikamwambia, "Shosho, haikuwa karo."

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Mtu aliyekosa karo anatafuta kazi. Wewe ulikuwa unalala hadi saa tano."

"Sasa mbona ulikuwa unaomba karo?"

"Si ndiyo uliniambia niombe?" Akachukua kalamu. "Haya. Jumatano niseme nini?"

Nilitazama ile sukuma. Nikamwambia aseme nilifeli masomo manne na nikaogopa kurudi.

Akaandika. Kabla hajaweka nukta akaniangalia juu ya miwani. "Manne au matano?"

"Matano," nikasema.